Tanga hadi Pangani kwa Baiskeli: Mwongozo wa Njia za Pwani Zisizo na Magari

Ukitaka kwenda Pangani kutoka Tanga kwa baiskeli bila basi kukumwagia vumbi kisogoni, usianze na ramani. Anza na mwezi. Toka nje usiku uutazame. Ukiwa ndiyo kwanza umeandama, au ukiwa mpevu, asubuhi bahari itakutandikia barabara pana kuliko zote za mkoa. Ukiwa nusu, barabara hiyo haipo, na utasukuma baiskeli kwenye mchanga mkavu wa juu mpaka magoti yalegee. Mimi nilichelewa kulijua hilo, nikapoteza safari mbili. Ndiyo maana yote nitakayoyaeleza hapa yanafuata saa ya maji kwanza, umbali baadaye.

Barabara kuu ya Tanga–Pangani ina kilomita kama 50. Imekuwa ikijengwa kwa lami, na ni moja ya vipande vya barabara ya pwani inayokusudiwa kushuka mpaka Saadani na Bagamoyo. Ni neema kwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali na kwa mvuvi mwenye samaki wa kuuza. Kwa mtu wa baiskeli maana yake ni magari yanayokwenda kasi zaidi kuliko zamani. Ndiyo sababu njia za pembeni zinafaa kujulikana sasa.

Ulaya watu husafiri wiki nzima kwa baiskeli bila kupishana na gari. Njia ya Mto Danube kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, Austria, inazidi kilomita 300, na sehemu yake kubwa hupita ukingoni mwa maji, pale farasi walipokuwa wakitembea zamani wakivuta mashua dhidi ya mkondo. Kwetu hakuna aliyeweka kibao wala kumwaga zege, lakini njia zipo. Wamezichonga wavuvi, wakwezi wa minazi, akina mama waendao kuchokoa pweza, na matrekta yanayopeleka mkonge korona, yaani kiwanda cha kuusindika. Kazi yako ni kuziunganisha.

Hizo njia ni za namna tatu. Kuna vijia vya vijijini vinavyopita nyuma ya mikoko. Kuna barabara za mashamba ya mkonge, zilizonyooka kama uzi, ambazo gari hulioni ila trekta moja moja. Na kuna ufuko wenyewe maji yakipwa. Kilomita chache za barabara kuu hazikwepeki, hasa unapotoka mjini na kila panapokatiza hori lenye tope, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Anayekuambia unaweza kuambaa na mchanga kutoka Raskazone, pale Tanga mjini, hadi Pangani hajawahi kwenda.

Kwanza: yasome maji

Kwenye pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Hilo mtoto wa pwani huzaliwa nalo. Msafiri wa baiskeli anatakiwa kushika jambo la pili, nalo ni saa inavyokwenda na mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kimo huzidi mita 3. Siku hizo hapa Tanga maji hujaa saa kumi na dakika zake, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Ufuko unakuwa wazi wakati ule ule unaouhitaji. Wiki moja mbele, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Ni maji mafu, bahari haiendi mbali, na saa nne asubuhi ndiyo imejaa.

Kwa hiyo panga hivi. Tafuta siku ya mwezi mpevu, au siku ya mwezi kuandama, kisha uondoke siku mbili kabla. Siku ya kwanza ya safari maji yatapwa karibu saa tatu asubuhi, ya pili karibu saa nne kasorobo, ya tatu karibu saa nne na nusu. Hakikisha kwa jedwali la maji la bandari ya Tanga au programu ya simu, na uangalie kama programu hiyo imewekwa saa za Afrika Mashariki. Halafu ukifika kijijini uliza tena. Mvuvi atakujibu kwa maneno mawili, na jibu lake lina hesabu ya upepo wa jana ambayo simu haina.

Nafasi yako ya kupita ufukoni ni saa nne kwa jumla: mbili kabla ya maji kupwa kabisa na mbili baada yake. Usiiongeze. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda kidogo sana, hata usiyaone. Saa ya tatu na ya nne huleta nusu ya kimo chote. Watu hudanganyika na ile saa ya kwanza.

Mara yangu ya kwanza nilivuka hori moja kabla ya kijiji cha Kigombe, maji yakiwa chini ya goti. Nikakaa ng'ambo nikala mihogo, nikapiga picha. Nilipokumbuka kwamba pampu nimeisahau upande nilikotoka, maji yalikuwa yamenifika kifuani na mkondo unavuta kuelekea ndani. Bibi mmoja aliyekuwa anarudi kuchokoa pweza alinikuta nasimama nakadiria. Akaniambia, "Mjukuu wangu, hori halivukwi kwa kutazama uendako tu. Tazama na ulikotoka." Pampu ile sikuipata. Tangu siku hiyo kila ninapovuka huweka vitu vyote kwenye baiskeli kwanza, na chakula nakila baada ya kufika mahali ambapo sihitaji kurudi.

Kuvuka kwenyewe kuna utaratibu. Weka baiskeli chini, ingia peke yako na fimbo, uvae viatu. Buruta nyayo mchangani badala ya kunyanyua miguu, ili kama kuna samaki aina ya taa amejifukia akimbie kabla hujamkanyaga. Maji yakizidi goti, ngoja au rudi barabara kuu. Yakiwa chini ya goti, beba baiskeli begani. Usiiburute majini, kwa sababu maji ya chumvi yakiingia kwenye habu na kwenye ekseli ya pedeli utayasikia mwezi mzima. Mahali penye mizizi ya mikoko usipite kabisa. Tope la mikokoni linameza mguu hadi pajani, na mizizi inayochomoza inakata tairi.

Mchanga nao una usomaji wake. Ule mzuri una rangi iliyokoza, umelowa ila haung'ai kwa maji. Tazama nyuma alama ya tairi: ikikaa safi, maua yake yote yanaonekana, uko mahali pake. Alama ikijaa maji, umeshuka mno. Ikiwa mfereji, umepanda mno. Badilisha mstari wako mapema, kwa kupinda usukani taratibu, maana kukata kona ghafla mchangani ndiko kunakoangusha. Punguza upepo wa tairi kidogo kabla ya kuingia ufukoni, mpaka ukilibonyeza kwa dole gumba liitike, na uujaze tena ukirudi kwenye njia ngumu.

Pili: msimu na upepo

Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na ukielekea Pangani hukusukuma mgongoni. Kusi huingia Aprili na kukaa mpaka Septemba au Oktoba, nayo hukupiga usoni njia nzima. Miezi ninayoipenda ni Januari na Februari kwa sababu njia ni kavu na upepo ni rafiki, ingawa joto lake ni kali. Juni hadi Septemba hewa ni ya baridi kidogo na inapendeza, lakini safiri kinyume: pandisha baiskeli kwenye basi mpaka Pangani, kisha uirudie Tanga na kusi mgongoni.

Masika, Machi hadi Mei, baki nyumbani. Udongo mweusi wa mashambani ukilowa hunata kwenye tairi, ukajaa ndani ya madigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Hapo ndipo baiskeli inapompanda mtu.

Tatu: baiskeli na mzigo

Huhitaji baiskeli ya gharama. Phoenix ya chuma yenye gia moja inafika, kwa sababu njia hii haina milima ya kutaja. Kinachotakiwa ni tairi pana. Tairi la inchi 2 au zaidi ndilo linaloelea juu ya mchanga. Tairi jembamba la mashindano halifai hata kidogo. Ukiwa na baiskeli ya mtumba yenye gia, kagua ukubwa wa tairi lake. Tyubu za 26 na 28 utazipata kwa fundi yeyote wa kijijini. Tyubu za ukubwa mwingine beba mwenyewe, mbili.

Beba pampu, spana ya kufungulia magurudumu, viraka, gundi, msasa, kipande cha mnyororo, waya wa breki mmoja, na ukanda mrefu uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Ukanda huo ni kamba, ni kifungio cha keria, na ni bendeji ya tairi lililochanika. Mzigo usizidi kilo 12. Tia nguo ndani ya mfuko wa plastiki, kisha ndani ya kiroba, ukifunge kwenye keria kiwe kimelala. Kiroba kilichosimama huyumbisha baiskeli kila unapokanyaga pedeli.

Adui mkubwa wa tairi hapa ni mkonge. Kila jani linaishia na mwiba mweusi mgumu kama sindano ya gunia, na majani yaliyoanguka barabarani huelekea popote. Ukipata pancha shambani, usikimbilie kubandika kiraka. Chomoa tairi, upitishe kitambaa taratibu ndani yake, mzunguko mzima. Kitambaa kitanasa kwenye ncha iliyovunjikia ndani, nawe uing'oe kwa meno ya koleo au kwa spana. Watu wengi hubandika kiraka, wakafurahi, wakapata pancha ya pili tundu lile lile baada ya mita 200, kwa sababu ncha ilibaki. Ndipo ukwangue tyubu kwa msasa, upake gundi, ungoje ikauke mpaka ipoteze mng'ao, halafu ubandike na kukandamiza. Kama huna gundi, funga fundo pale tyubu ilipotoboka, au shindilia majani makavu ndani ya tairi mpaka likaze. Utafika kijijini polepole, rimu ikiwa salama.

Mbigili nayo ipo, hasa kwenye viwanja vya wazi pembezoni mwa vijiji. Yenyewe ni ndogo ila huja kwa wingi. Panapoonekana majani yake yanayotambaa, shuka ubebe.

Maji ya kunywa: usiondoke mahali ukiwa na chini ya lita 3. Madafu utayakuta karibu kila kijiji, na ni ya kushukuru, lakini usiyategemee yawe maji yako pekee. Kwa jasho la pwani changanya mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari visivyojaa kilele, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kichwa kikianza kugonga na jasho likikatika ghafla, hiyo si ya kuvumilia. Kaa kivulini ujimwagie maji, unywe kidogo kidogo.

Majaribio kabla ya safari

Funga mzigo wako kamili na uzunguke Raskazone jioni, mara mbili. Barabara za huko zina kivuli na magari machache, na kilomita kumi zinatosha kukuonyesha kipi kinalegea. Wikiendi inayofuata nenda Amboni, kilomita kama 8 kaskazini ya mji. Barabara ya Horohoro ina malori, kwa hiyo toka alfajiri na ushike ukingo, mpaka uache lami na kuingia Kiomoni. Huko kuna mapango ya chokaa, na mito Mkulumuzi na Sigi hupita jirani. Acha baiskeli kwa walinzi, ingia na mwongozaji, kisha urudi ukipumzika kivulini kando ya mto. Kama mgongo haukuuma baada ya hapo, uko tayari.

Siku ya kwanza: Tanga hadi Kigombe

Ondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, taa ikiwaka. Kilomita za mwanzo zipite kwenye barabara ya Pangani kabla daladala hazijachangamka. Nyumba za mji zikianza kuachana, uliza njia ya Machui. Kuanzia hapo bahari iko kushotoni mwako ingawa huioni, mikoko imeiziba. Njia ni vijia vya mchanga mgumu kati ya minazi, mikorosho na mashamba ya mihogo. Hapa simu husaidia: ramani za OpenStreetMap, ukizipakua mapema, huonyesha vijia vingi vya mguu, na picha za setilaiti hukuonyesha mikoko kwa kijani kizito na mchanga kwa weupe. Lakini njia ya mguu huhamishwa na shamba jipya au mvua ya jana, kwa hiyo kila kijiji salimia na uulize.

Kusalimia si pambo la safari. Kwenye vijia hivi unapita uani kwa watu. Shuka kwenye baiskeli ukikuta wazee barazani, toa shikamoo, sema unakotoka na unakokwenda. Ukipewa kijana wa kukuonyesha njia mpaka kijiji kinachofuata, mkubalie na umpe kitu cha asante. Vaa nguo inayofunika magoti. Mwanamke aweke khanga juu ya mzigo, mahali pa kuifikia haraka. Ijumaa mchana usipite mbele ya msikiti ukipiga kengele. Na kama utalala kijijini, mwenyekiti wa kijiji ajue kabla jua halijazama.

Tongoni, kilomita zipatazo 17 kutoka mjini, ndipo pa kupumzikia. Magofu yako karibu na maji, nje kidogo ya barabara kuu: msikiti wa zamani na makaburi zaidi ya 40, mengine ya nguzo, ingawa nguzo nyingi zimeanguka. Lipia kiingilio, acha baiskeli nje, usiiegemeze kwenye ukuta wa kaburi hata kwa dakika moja. Simama pale uitazame bahari ikiwa imepwa, uone mafungu na miamba ilivyojaa. Mwaka 1498 jahazi São Rafael, moja ya meli za Vasco da Gama, lilikwama kwenye mafungu ya upande huu. Waliponasuka wakaenda zao India; Januari 1499 walirudi wakiwa wamebaki mabaharia wachache, wasiotosha kuendesha vyombo vyote, wakalichoma moto hapa hapa. Walioyajua mafungu haya walikuwa wakiyapita na ngalawa zao kila siku.

Baada ya Tongoni una hiari mbili, na saa ndiyo itakayoamua. Ukiwa umefika mapema na maji bado yanashuka, uliza ni wapi ufuko unapitika kuelekea Kigombe na ni wapi kuna hori. Ukiwa umechelewa, panda juu kwenye mashamba ya mkonge. Mashamba hayo yana wenyewe: simama getini au kwa mlinzi, eleza safari yako, omba kupita. Sijawahi kukataliwa nilipoomba, ila niliwahi kuelekezwa nizunguke kipande kilichokuwa kinakatwa, na walikuwa na haki, maana wakataji hurusha majani barabarani na miiba ndiyo hiyo niliyoieleza. Mstari wa mkonge hauna kivuli. Upite kabla ya saa tano.

Mkonge huu una historia fupi na ya ajabu. Richard Hindorf, Mjerumani, ndiye aliyeagiza vipando kutoka Florida mwaka 1893. Vilivyofika hai ni 62 tu, vikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya Mto Pangani. Kilimo cha mkonge cha nchi hii kilianzia kwenye vipando hivyo.

Kigombe ni kijiji cha wavuvi, na ufuko wake ni wa mchanga mzuri. Lala hapo. Samaki hushuka kulingana na maji, kwa hiyo uliza mapema ngalawa zinaingia saa ngapi kama unataka wa jioni. Eneo hili liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya yule samaki wa kale ambaye nyavu za Kigombe zimewahi kumnasa mara kadhaa. Usiokote makombe wala matumbawe.

Siku ya pili: Kigombe hadi Pangani

Hii ndiyo siku ya ufuko, na ni fupi, kilomita kama 20. Usikimbilie kuondoka. Kunywa chai na vitumbua, ngoja maji yashuke, ingia mchangani kama saa mbili asubuhi. Mchanga na miamba hupokezana. Penye mchanga kanyaga, penye miamba ya matumbawe beba. Miamba hiyo ina makali yanayokata tairi kwa ubavu, na ubavu wa tairi haubandikiki. Bahari ikikubana kwenye ncha ya mwamba, usijaribu kuizunguka kwa maji. Rudi nyuma mpaka kijia cha kwanza kinachopanda, upite juu kwa upande wa Choba na Boza, halafu ushuke tena mbele.

Baiskeli itakwenda bila sauti. Utasikia mchanga ukisagika na mawimbi yakivunjika mbali kwenye mwamba. Kaa humo. Nimeendesha miaka mingi na sijui kilomita tamu kuliko hizi.

Ukifika karibu na mlango wa mto, toka ufukoni mapema. Mto Pangani hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, hupita bwawa la Nyumba ya Mungu na husafiri kilomita kama 500 kabla ya kuingia baharini. Hapo mdomoni mkondo wake hupambana na maji ya bahari, na tope lake ni laini. Ndani ya mto kuna mamba. Usinawie miguu ukingoni wala usioshe baiskeli hapo, hata ukiona wengine wanafanya hivyo.

Mji wa Pangani wenyewe uzunguke kwa miguu: Boma la kale, nyumba za ukingoni zinazobomoka, milango ya kuchongwa. Hapa ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani tangu 1888, alinyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Jioni chukua baiskeli bila mzigo, ufuate ukingo wa kaskazini kupanda juu ya mto kupitia minazi, kadiri kijia kinavyokubali, ukikaa mbali na maji yenyewe. Geuka nusu saa kabla ya magharibi.

Siku ya tatu: ng'ambo, Bweni hadi Ushongo

Vuka na kivuko mpaka Bweni asubuhi. Shuka kwenye baiskeli kabla ya kuingia, shika breki muda wote, wapishe wenye mizigo ya kichwa. Ng'ambo kuna barabara ya vumbi na mashamba, na baada ya kilomita kama 15 unafika Ushongo, ambako ufuko ni mrefu na mchanga wake ukipwa ni mgumu. Nenda na maji yakiwa yanashuka ili upate saa mbili za kuendesha kwa nafasi.

Huku kasa hutaga. Viota vyao viko juu ya mstari wa maji kujaa, ndani ya mchanga mkavu, na tairi linaweza kuugandamiza mchanga huo. Kwa hiyo kaa chini ya mstari wa mwani ulioachwa na maji, usipite juu yake, na usiendeshe ufukoni usiku ukiwa na taa.

Usiendelee kusini kwa kudhani pwani ni ile ile. Mbele ni Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, yenye tembo na simba wanaofika mpaka ufukoni. Humo hupiti kwa baiskeli bila ruhusa ya hifadhi na bila askari wake. Kwa safari hii, Ushongo ndio mwisho.

Kurudi

Mabasi ya Pangani–Tanga hupakia baiskeli juu ya keria. Patana nauli ya baiskeli kabla haijapandishwa, toa pedeli, geuza usukani ulale sambamba na fremu, na uifunge kwa kamba yako mwenyewe upande ambao mnyororo umetazama juu. Panda uone imefungwaje.

Ukifika nyumbani usilale kabla ya kuiosha. Tumia maji baridi ya kisima au bomba, mengi, bila kuyaelekeza kwa nguvu kwenye habu. Ikaushe kwa kitambaa, uiache upepo uipitie kwa saa moja, kisha uupake mnyororo oili na kufuta inayozidi. Nyanyua gurudumu ulizungushe na sikio karibu. Likisaga, mchanga umeingia: fungua, toa gololi, zioshe kwa mafuta ya taa, utie grisi mpya. Usiahirishe hadi wiki ijayo, kwa sababu chumvi haingoji, na bamvua lingine liko wiki mbili tu mbele.